Kipandauso kwa Watoto Wetu: Maumivu Yasiyoonekana si Uongo

  

Ndugu zangu wazazi, na hasa nyinyi mama zetu ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu, wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nimepata idhini ya mama na ya binti kulieleza, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Mwaka jana, baada ya Swala ya Alasiri, mama mmoja alinijia pamoja na binti yake wa miaka 13. Mtoto yuko gredi ya nane, na jioni husoma chuoni kwetu. Mama alieleza kwamba kila baada ya siku chache binti hushikwa na kichwa. Akishikwa hujifungia chumbani, hufunga madirisha, hataki taa wala sauti ya mtu. Hutapika, kisha hulala. Akiamka ni mzima kabisa, acheka na nduguze kana kwamba hapakuwa na kitu. Jambo lililowatisha zaidi lilitokea kwenye harusi ya khalati yake. Chetezo kilipopitishwa, harufu ya udi ilimfanya mtoto ashike kichwa, akimbilie nje na kutapika. Wanawake waliokuwapo wakatazamana, na mmoja wao akasema bila kuficha kwamba mtoto ana jini, na jini huyo hataki udi.

Nami nikamsomea. Nilimsomea siku tatu mfululizo. Kumsomea mgonjwa hakuna ubaya, ni sunna na ni rehma. Ubaya ni kwamba katika siku tatu hizo sikumwuliza mtoto hata swali moja. Nilimwambia mama aendelee kumsomea nyumbani na apunguze kumdekeza. Na siku moja chuoni, nilipomwona amelaza kichwa juu ya marufaa, nilimwambia mbele ya wenziwe kuwa Qur'ani haisomwi na wavivu. Hakujibu. Alikusanya vitu vyake akatoka, na maneno yale ndiyo yanayoniuma hadi leo.

Wiki chache baadaye nilikuwa nikisomesha mlango wa Hija, tukafika kwenye hukumu ya kupiga chuku kwa mtu aliye katika ihram. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Sahihi ya Imamu Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku kichwani hali yumo katika ihram, njiani kwenda Makka, mahali penye maji paitwapo Lahyu Jamal. Katika mojawapo ya mapokezi hayo, maradhi yaliyomfanya apigwe chuku yametajwa kwa jina: shaqiqa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, shaqiqa ni nini?" Nikamjibu kwamba ni kipandauso, maumivu makali ya nusu ya kichwa. Neno hilo nimelisomesha kwa zaidi ya miaka 20, na siku zote nilikuwa nikilipita mbio ili nifike kwenye hukumu ya fidia. Siku hiyo ulimi ulisita. Nilikuwa nimeyajua maradhi kitabuni, na yalipokaa mbele yangu juu ya mkeka sikuyatambua.

Basi na tuyatambue leo, kwa kuwa katika nyumba zetu wamo watoto wengi wa namna hii.

Jina la shaqiqa linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya upande au nusu ya kitu. Wayunani nao waliita hemikrania, yaani nusu ya fuvu, na jina litumiwalo hospitalini leo, migraine, limetokana na hilo la Kiyunani. Maradhi haya ni ya kale. Ibn Sina aliyaeleza katika Qanun yake, na Az-Zahrawi wa Andalusia akaandika namna ya kuyatibu kwa chuma cha moto. Lakini kwetu sisi la kwanza kuzingatia ni kwamba yalimpata mbora wa viumbe. Mtu akisema kuwa kuumwa kichwa mara kwa mara ni dalili ya udhaifu wa imani, na alitafakari hilo kabla ya kuendelea na maneno yake. Tena Imamu Bukhari amepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) alilalamikia kichwa chake mbele ya Mtume (s.a.w.), naye hakumkemea kwa kulalamika. Mgonjwa kusema kuwa anaumwa si kukosa subira.

Nilikwenda nyumbani kwa binti yule, nikaketi na wazazi wake, na safari hii nikauliza. Huanza lini? Baada ya nini? Nani mwingine katika ukoo? Hapo nyanya yake mzaa mama akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye mwenyewe aliumwa hivyo tangu alipovunja ungo hadi alipokoma hedhi, na kwamba alijifunza kunyamaza. Nikawanasihi waende kwa daktari. Daktari aliuliza maswali mengi kuliko niliyouliza mimi, akampima macho, shingo, nguvu za mikono na miguu, na mwendo wake, kisha akasema ni kipandauso. Mama akaomba mtoto apigwe picha ya ubongo. Daktari akamwambia kwamba kwa hali ile haihitajiki. Mama alirudi kwangu na swali lililonifanya niandike makala haya: "Sheikh, kama ni ubongo, je, ubongo wa mwanangu una kasoro? Na kama hauna kasoro, kwa nini unamtesa?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake linahitaji utulivu.

Zamani ilidhaniwa kwamba kipandauso ni mambo ya mishipa ya damu tu, inayotanuka na kupwita. Leo inafahamika kuwa ni maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Nyama ya ubongo yenyewe haina hisia ya maumivu; kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyomo katika utando huo. Upo mshipa mkubwa wa fahamu uletao hisia za uso, panja na utando huo. Mshipa huo ukiamshwa hutoa kemikali zinazozidisha uchungu, na mpigo wa kawaida wa damu ukageuka kuwa nyundo. Kabla ya hapo, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo iitwayo hipothalamasi, ambayo husimamia usingizi, njaa, kiu na homoni, huwa imekwisha kubadili kazi yake. Ndiyo maana saa nyingi kabla ya kichwa kuuma mtoto huweza kupiga miayo, kununa au kutamani chakula fulani, na sisi tukadhani ni adabu mbaya.

Baadhi ya wagonjwa, kiasi cha robo hadi thuluthi, huona mambo kabla ya maumivu: vimulimuli, mistari iliyopindapinda kama meno ya msumeno, au doa ambalo ndani yake hawaoni kitu. Hali hiyo huendelea kwa dakika kadhaa, pengine hadi saa nzima, kisha hupita. Mwaka 1944 mtaalamu wa Brazili, Aristides Leão, alieleza wimbi linalotambaa polepole juu ya gamba la ubongo, milimita chache tu kwa dakika, likiacha seli nyuma yake zimenyamaza kwa muda. Wimbi la namna hiyo ndilo linalohesabiwa na wataalamu kuwa asili ya vimulimuli hivyo. Mtoto akikwambia ameona mwanga uliovunjikavunjika ukutani, basi amekueleza kazi ya ubongo wake. Usimtangazie mtaa kwamba ameona viumbe.

Sasa tuje kwenye picha. Iko mashine ya MRI, itazamayo ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku bila ya kupasua. Kwa mashine hiyo watafiti wamelinganisha ubongo wa watu wenye kipandauso na wa wasiokuwa nacho. Mwaka 2007 watafiti wa Boston, Marekani, walikuta kwamba kwa watu wazima wenye kipandauso gamba la eneo linalopokea hisia za mwili lilikuwa nene zaidi, na zaidi pale panapopokea hisia za kichwa na uso. Kisha wakageukia watoto na vijana. Utafiti wa Milan, Italia, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kuwa vijana wenye kipandauso walikuwa na upungufu mdogo wa sehemu ya kijivu, yaani ile yenye seli nyingi za fahamu, katika maeneo kadhaa ya mbele na ya kando ya ubongo, na eneo moja la ndani likawa kubwa kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Boston waliwalinganisha wasichana na wavulana, wakakuta kwamba hata kati ya wenye kipandauso wenyewe ubongo wa wasichana ulitofautiana na wa wavulana, zikiwamo sehemu zinazohusika na hisia za mwili na na mihemko ya nafsi.

Jambo la wasichana lina sababu ya kuzingatiwa. Katika utoto wavulana na wasichana hupata kipandauso kwa kiasi kilicho karibu kulingana. Balehe ikiingia, wasichana huwazidi wavulana, na ukubwani wanawake wenye maradhi haya hufikia kiasi cha mara tatu ya wanaume. Wengi wao hushikwa karibu na siku za hedhi. Na rika hilo la balehe ndilo wakati ambapo ubongo unajijenga upya: hupunguza viunganishi usivyovitumia, huimarisha unavyovitumia, na sehemu yake ya mbele huendelea kukomaa hadi mtu apitapo miaka 20. Kwa hiyo maradhi haya huja nyumba ikiwa bado inajengwa, na fundi yuko juu ya dari.

Mama yangu, nakuomba usiliache jambo hili njiani, kwani habari ya ubongo uliotofautiana inaweza kutisha kuliko hata habari ya jini. Tofauti hizo ni ndogo mno. Huonekana pale watafiti wanapopima makundi na kutafuta wastani. Daktari hawezi kuitazama picha ya mtoto mmoja akasema huyu anacho na huyu hana. Picha za kawaida za watoto hawa, kwa walio wengi, huonekana salama. Ndiyo maana daktari yule hakuona haja ya picha, na hakuwa amempuuza mtoto. Wala tofauti hizo hazina maana ya upungufu wa akili. Tena tafiti hizo zimewahusu watu wachache, na matokeo yake hayalingani kila mahali.

La muhimu zaidi ni kujua kipi kilitangulia. Mtazame hamali wa mkokoteni katika vichochoro vya Mji wa Kale. Viganja vyake vina sugu. Je, alichaguliwa kubeba kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vigumu, au viligeuka vigumu kwa sababu ya kubeba? Ndivyo lilivyo swali la ubongo. Huenda tofauti nyingine mtoto amezaliwa nazo, maana kipandauso hurithiwa sana katika koo, kama nyanya yule alivyotushuhudishia; na huenda nyingine zimefanywa na maumivu yenyewe, kwa kurudi tena na tena. Picha ya siku moja haitoshi kuamua.

Hata hivyo, tafiti hizi zimetupa jambo moja lisilo na shaka: mateso ya watoto hawa yana makao mwilini. Ubongo wao hupokea dunia kwa ukali zaidi. Mkaa pwani baada ya siku chache huacha kusikia mawimbi, kwa sababu ubongo wake umeyazoea. Vipimo vimeonyesha kwamba ubongo wenye kipandauso hauzoei upesi. Kila wimbi kwake ni wimbi la kwanza. Taa, makelele, joto la kaskazi chini ya bati na harufu kali huingia vyote kwa nguvu zake zote. Na hapo ndipo panapopatikana jawabu la udi wa harusini. Kuchukia harufu kali ni dalili iliyo mashuhuri ya kipandauso. Nilipomwuliza binti, aliniambia kwamba harufu ya petroli, ya rangi mpya na ya kitunguu kinachokaangwa humfanya vilevile. Je, tuseme kuna jini wa kitunguu?

Sisi tunaamini kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwapo kwao ni jambo moja, na kumhukumia mtoto wa watu kwamba amekaliwa ni jambo jingine, linalohitaji ushahidi. Msomee mwanao Fatiha, Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayni, na umpangusie kichwa kwa mkono wako. Utulivu huo utamfaa. Kisha mpeleke kwa daktari, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila maradhi yana dawa, na akatuamrisha tujitibu. Ninachokikataza ni kumfungia mtoto huyu chini ya shuka na kumfukiza buhuri, kwani moshi, joto na harufu ndivyo vinavyomzidisha. Na kuwalipa fedha watu wanaotaja majina ya majini kwa bei. Ninakataza pia, na hili najikataza mwenyewe kwanza, kumwita mvivu.

Yafaayo kufanywa nyumbani ni mepesi. Usingizi wa saa zilizopangika ndio wa kwanza. Vijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na simu kitandani huzipunguza. Asiondoke nyumbani bila ya kufungua kinywa. Anywe maji ya kutosha, hasa miezi ya joto. Atembee na kucheza. Awe na daftari la kuandika siku aliyoumwa, saa, alichokula, alivyolala na siku zake za mwezi. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamwambia daktari zaidi ya mashine. Na mfahamu kwamba kwa watoto kipandauso hakiji kila mara kwa nusu ya kichwa. Mara nyingi huuma pande zote mbili, huweza kwisha baada ya saa mbili tu, na kwa wadogo pengine huja kama maumivu ya tumbo na kutapika. Msimkadhibishe kwa kuwa kilikwisha upesi.

Maumivu yakianza, mpeni dawa mapema, kwani kungoja hadi yapande huifanya dawa ishindwe. Parasetamoli au ibuprofeni, kwa kipimo cha uzito wake alichoeleza daktari au mfamasia, zinatosha kwa wengi. Aspirini wasipewe walio chini ya miaka 16. Na dawa za kutuliza maumivu zisipite siku mbili au tatu kwa wiki, kwa sababu zikitumiwa siku nyingi zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Mlazeni mahali penye giza na utulivu. Swala ikiingia naye hawezi kusimama, ataswali kwa kukaa, na asipoweza kukaa ataswali kwa kulala. Dini hii haikuletwa kumwongezea mgonjwa uzito.

Ziko pia dawa za kila siku za kuzuia, nazo ni kazi ya daktari. Mwaka 2017 ulichapishwa huko Marekani utafiti wa watoto na vijana 361 wa miaka 8 hadi 17. Waligawanywa makundi matatu: wawili walipewa dawa mbili mashuhuri za kuzuia kipandauso, kila kundi dawa yake, na kundi la tatu likapewa vidonge visivyo na dawa. Siku za kuumwa zilipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 52 na 55 ya waliopewa dawa, na kwa asilimia 61 ya waliopewa vidonge vitupu. Asije mtu akasema, "Kumbe ni mawazo yao tu!" Sivyo. Watoto wote hao walifuatwa kwa makini, wakasikilizwa, wakafundishwa kupanga maisha yao, wakawa na matumaini. Na ubongo wa kijana, kwa kuwa bado unajengwa, huitikia mambo hayo. Kabla ya hapo, mwaka 2013, utafiti mwingine ulionyesha kwamba vijana waliofundishwa namna ya kukabiliana na maumivu na kutuliza mwili, pamoja na kupewa dawa, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa dawa na maelezo ya kawaida tu. Basi kumsikiliza mtoto ni sehemu ya tiba yake, na kumdhihaki ni kumwongezea ugonjwa.

Ramadhani inakaribia, nami najua swali linalokuja. Kwa kweli saumu huweza kukizidisha kipandauso, kwa sababu ya njaa, kiu, kukatika usingizi na kuacha ghafla chai na kahawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wafungaji 32 wenye maradhi haya: kwa wastani waliumwa siku 9.4 katika Ramadhani, na siku 3.7 katika mwezi mwingine. Kwa hivyo jitayarisheni tangu Shaabani. Punguzeni chai na kahawa kidogo kidogo. Daku isiachwe, na kuichelewesha ni sunna. Maji yanywewe usiku, si kwa mkupuo mmoja. Mtoto alale mapema baada ya tarawehe, na daktari aulizwe mapema juu ya dawa za usiku. Asiyebaleghe hana wajibu wa kufunga. Aliyebaleghe atanuia na kufunga, lakini akishikwa mchana kwa maumivu asiyoyaweza, Mwenyezi Mungu mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185. Atafungua, atakunywa dawa, na atalipa siku hiyo baadaye. Asitokee mtu wa kumtazama kwa jicho baya.

Zipo dalili ambazo hazingoji kesho. Mtoto akipata kichwa cha ghafla kikali kuliko vyote alivyowahi kupata. Akiwa na homa na shingo ngumu. Akipatwa na degedege, kulegea upande mmoja au kupoteza fahamu. Ikiwa kichwa humwamsha usingizini au humtapisha kila alfajiri. Akianza kuona vitu viwili viwili, kupepesuka, au kubadilika tabia. Au ikiwa kimeanza baada ya kuanguka: huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na homa yoyote kwetu Pwani ipimwe malaria.

Yule binti hajapona kabisa. Mwezi uliopita alishikwa mara mbili, naye aliniambia kwamba mara ya pili aliihisi ikija, akanywa dawa, akalala, na jioni akaja chuoni. Nilimtaka radhi mbele ya wenziwe, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Aliinamisha uso, akasema amenisamehe. Tangu siku hiyo tumeweka mkeka katika chumba cha nyuma, na mwanafunzi yeyote anayeumwa kichwa huenda kulala huko bila ya kuulizwa maswali na bila ya kuchekwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hawakujaa wavivu, kama nilivyoogopa. Waliojitokeza ni wawili tu, na mmoja wao ni mvulana aliyekuwa akivumilia kwa miaka miwili bila ya kumwambia mtu.

Ewe Mola, waponye watoto wetu na wagonjwa wetu wote, na utupe sisi wazazi na walimu macho ya kuona na masikio ya kusikiliza kabla ya ulimi wa kuhukumu. Amin.